Kondo la Kuazima

Walikuwa wameshauacha mlango wa hospitali na wanateremka ngazi kwenda barabarani. Qiongfang alikuwa mbele kama mbeba bendera, bakuli jeupe la bati kifuani, limefunikwa kitambaa. Nyuma yake mkaza mwanawe, Lianxiang, kafungwa kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi ili upepo usimwingie, kashikwa mkono na mumewe Kewen. Nyuma kabisa Dengfen, mama mzazi wa Lianxiang, na mjukuu mikononi.

"Mkwe, kaza mwendo!" Qiongfang aliita bila kugeuka. "Kitu hiki hakitaki kulala. Tena ni cha mtoto wa kwanza, wa kiume!"

"Nakuja, mkwe."

Kuja alikuwa anakuja, ila macho yake yalikuwa kwenye vidole vya miguu. Kondo la nyuma lililokuwa ndani ya bakuli lile halikuwa la binti yake.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Katika mji ule wa Guizhou, mama akijifungua hupewa kondo lake aende nalo nyumbani, likaushwe, lisagwe na kumezwa kama dawa ya nguvu, isipokuwa damu yake ikikutwa na ugonjwa wa kuambukiza. Hapo huchukuliwa likachomwa. Na Lianxiang alikuwa na homa ya ini. Hakuipata kwa ulevi wala kwa uhuni. Aliipata siku aliyozaliwa, kutoka kwa mama yake, ambaye mwenyewe hakujua mpaka daktari alipowapima wote wawili, binti akiwa na miaka kumi na tisa. Tangu siku ile Dengfen hakuweza kumtazama mwanawe akila bila kuona haya. Na watu wa kule wakisikia nyumba ina homa ya ini, hata maji hawanywi kwako. Basi wakaficha. Posa ikaja, wakaficha. Harusi ikapita, wakaficha. Wahenga walikwisha kusema juu ya mficha maradhi, sina haja ya kurudia. Mtoto alipozaliwa alichomwa sindano zake mbili za kinga saa ileile, na muuguzi, mtu wa huruma, akafunga mdomo.

Ila kondo hawakulifikiria. Qiongfang alikuwa ameshanunua maganda matupu ya vidonge duka la dawa na kusugua kigae cha kukaushia. Akiuliza liko wapi, utamjibu nini? Asiyepewa kondo lake, mji mzima unajua kwa nini.

Qiongfang alipokwenda nyumbani kuchukua supu ya kuku, Dengfen alisogea kitanda cha pili. Alilala hapo Adong, mwanamke wa kabila la Miao kutoka milimani, kazaa binti wa pili, mumewe yuko viwandani Guangdong, hana ndugu aliyemfuata. Ndoo ndogo ilikuwa chini ya kitanda.

"Mwanangu, hilo utalifanyia nini?"

"Sijui, mama. Kwetu ni mbali. Litaoza njiani."

"Nipe mimi. Nitakupa mayai thelathini na sukari guru."

Adong aliivuta ndoo kutoka uvunguni. Kisha akasema, "Chukua."

Nyumbani, kwenye fleti za kiwanda cha saruji, Qiongfang aliliosha kondo maji saba, akalichemsha kwa pombe ya mchele, akalikausha juu ya kigae siku mbili nzima na kulisaga. Wakwe wawili wakakaa mezani kujaza unga kwenye maganda.

"Unamwaga unga, mkwe. Umezeeka kunishinda?"

"Baridi tu."

"Baridi? Na jiko hili? Wewe sema umezeeka."

Kila asubuhi Lianxiang, kwenye mwezi wake wa uzazi, madirisha yamefungwa na nywele hazijaguswa na maji, alimeza vidonge vitatu huku akimtazama mama yake juu ya ukingo wa kikombe. Baba mkwe, mzee Peng, aliyekuwa na kikohozi cha vumbi la saruji, alimeza viwili.

"Damu ya mjukuu wangu!" alisema akijipiga kifua. "Leo nimepanda ngazi bila kusimama."

"Umesimama mara mbili," mkewe akamjibu. "Nilikuwa nyuma yako."

Siku ya kumi na mbili mlango ukabishwa. Qiongfang alifungua akamkuta Adong, mtoto mgongoni, kikapu mkononi.

"Namtafuta mama aliyenipa mayai pale hospitali. Aliniambia anakaa fleti hizi. Nimeyarudisha. Yale tulishaanza kuyala, haya ni ya kuku wetu. Nimekuja kuchukua koti la mwanangu."

"Koti gani?"

"Kondo lake. Bibi yangu amenitoa mbio. Kwetu kondo la mtoto wa kike huzikwa chini ya kitanda cha wazazi. Siku akifa atarudi kulivaa, ndipo bibi zake wamtambue. Asipolikuta atatembea uchi huko, hana kwao."

"Umekosea nyumba, dada. La kwetu tumelikausha wenyewe. Mkwe! Hebu njoo. Unamjua huyu?"

Dengfen alitoka jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Adong alimtambua, akatabasamu.

"Simjui," Dengfen alisema.

Lile tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikawia usoni kama mgeni asiyeelewa kwamba amefukuzwa. Adong hakubishana. Alisema atakaa kidogo mtoto anyonye, akakaa ngazini nje. Qiongfang, ambaye hakuwa mtu mbaya, akampelekea maji ya moto.

Dengfen alirudi jikoni akasugua sufuria iliyokwisha kung'aa. Huko ngazini mtoto alikuwa akinyonya, anasikika. Akisema, binti yake ataumbuka mbele ya wakwe, pengine atanyang'anywa mtoto. Hilo alilipima. Lakini ugonjwa wa Lianxiang alimpa yeye bila kujua. Huyu mtoto wa ngazini alikuwa anamvua nguo huku macho yake mawili yakiona. Uso ulimwaka moto. Alichukua chupa ya vidonge kabatini akatoka nayo hadi mlangoni.

"Mkwe, huyu namjua. Hivi ni vyake."

"Mama!" Lianxiang aliita kutoka chumbani. "Mama, nyamaza!"

Qiongfang aliitazama chupa. "Na la mwanao liko wapi?"

"Lilichomwa. Ana homa ya ini. Nilimpa mimi, kwa kumzaa."

Mzee Peng alikuwa mezani na kidonge kiganjani. "Kwa hiyo mimi," alisema polepole, "nimekula koti la mtoto wa watu?"

Aliinuka akakirudisha kidonge chupani.

Adong aliinua chupa kwenye mwanga. "Zaidi ya nusu halipo."

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi litakuwa koti lisilo na mikono."

Hakulisema kwa uchungu. Afadhali angetema mate, Dengfen aliwaza. Adong alipanga mayai mezani moja moja, akashuka ngazi.

Qiongfang aliingia chumbani akamwinua mtoto ubavuni mwa mama yake. "Huyu atalala kwangu." Lianxiang hakulia. Alimtazama tu mama yake aliyesimama mlangoni, na Dengfen akatazama sakafu.

Dengfen aliondoka kesho yake asubuhi, na kwenye sherehe ya mtoto kutimiza mwezi hakualikwa. Adong aliizika chupa chini ya kitanda. Bibi yake alisema itatosha, na kama aliamini au hakuamini, hakusema. Mtoto wa Lianxiang alipimwa alipotimiza mwaka, akakutwa mzima, akarudishwa kulala kwa mama yake. Lianxiang alitengewa bakuli lake la kulia chakula, la peke yake, miaka minne zaidi. Kewen hakumwacha mkewe wala hakulizungumza jambo lile. Alihamia udereva wa malori ya safari ndefu. Mzee Peng alikufa kwa kifua mwaka wa tatu. Dengfen aliugua ini, akazikwa kijijini kwao, na Qiongfang alikwenda mazikoni, akakaa na wapishi, akarudi jioni ileile. Sasa Qiongfang ana miaka themanini na mmoja, na magoti yanamsumbua.