Vidole Nyuma ya Shuka

Shemeji yangu Ndyamukama alikuwa mpiga picha, na mdogo wangu Celina alipofariki hatukuwa na hata picha moja ya sura yake. Jambo hilo lilinikaa rohoni vibaya, na sikumficha.

Kazi yao waliifanya kwa baiskeli, leo Rubafu, kesho Kagoma, yeye akikanyaga, Celina kwenye keria amepakata shuka jeupe. Kibanjani, kwenye shamba la nyumbani, hakuna ukuta safi wa kumsimamisha mtu. Nyuma ni migomba na mibuni tu. Kwa hiyo Celina alisimama nyuma ya wateja, akaliinua shuka kwa mikono miwili likamfunika mwili mzima. Vilivyobaki juu ya ukingo ni vidole, na kile cha mwisho kimepinda, kama cha kila mtoto wa mama yetu. Picha ikishasafishwa, Ndyamukama aliukata ukingo huo kwa wembe. Alisema mteja hakulipia vidole.

"Picha ya mwisho kwenye filamu ni yako," alimwambia kila safari. Na kila safari akatokea mtu anakuja mbio, koti la kuazima mwilini, jamani na mimi! Celina alicheka, akarudi nyuma ya shuka.

Picha ya harusi waliipiga mjini Bukoba, kwenye studio ya Jayant. Jayant alifunga duka akaondoka, na ile ya ukutani mchwa waliipanda kutoka nyuma ya fremu wakala upande wa bibi harusi. Akabaki bwana peke yake na tai yake.

Homa ilimchukua Celina wakati wa masika. Tulimzika Izigo, hapo hapo kibanjani kwao, karibu na mlango. Kabla udongo haujatulia ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa, kule barabarani. Nyumba ingebomolewa, kaburi lingebaki na migomba. Na mtoto wao Theopista, ambaye hata vifungo vya gauni alikuwa hajajua kuvifunga, na sura ya mama ilishaanza kumpotea, aliniuliza kila siku, "Mama mkubwa, mama alikuwaje?"

"Alikuwa mzuri."

"Mzuri kama nani?"

Nilichotaka ni kitu kimoja tu: mtoto huyu aondoke pale na uso wa mama yake.

Na mwenye kamera je? Hata kunitazama hakunitazama. Tangu mazishi, nikiingia anatoka; nikimsalimia anajibu huku macho yakiwa kwenye jembe. Nikasema, haya, dharau imeanza.

Habari za kuhama zilipoenea, kila familia ilitaka picha kibanjani kwake kabla ya kuondoka. Ndyamukama hakuwa na wa kumshikia shuka, akamtuma Theopista kwangu. Nilikwenda nimenuna. Kule nyuma ya shuka kuna joto na harufu ya sabuni. Unasikia watu wanapumua mbele yako, na hakuna anayekumbuka kwamba upo. Nilijiuliza mdogo wangu aliishije humo miaka yote ile. Mara nyingine nilihisi kuna mtu amesimama ubavuni mwangu, naye ameinua mikono. Nilipogeuka nilikuta migomba.

Wiki ya kuhama Ndyamukama alikuja kwangu mchana pamoja na Theopista, ameshika kitabu alichokishona mwenyewe. Hakutaka hata kahawa ya kutafuna ya kumkaribisha mgeni. Jalada lilikuwa lubugo, lile gome la mti tunalowafungia wafu wetu. Nililishika, nikaliachia.

"Shemeji, hili si lile la Celina?"

"Kilibaki kipande," akasema, akiangalia sakafu.

Nikafungua. Familia za Rubafu, familia za Kagoma, kila ukurasa wateja wake wamekodoa macho. Nilipandwa na hasira. "Watu wa watu tena! Mtoto analilia mama yake, wewe unamletea Kamugisha na ng'ombe wake!"

"Waitu shemeji, angalia juu."

Nikaangalia juu. Picha alikuwa amezisafisha upya, na safari hii wembe haukupita. Juu ya vichwa vya watu wale vilikuwapo vidole vya Celina, picha hadi picha. Hapa pete ilikuwa mpya. Pale vimeshuka, shuka limelegea. Alikuwa na mimba ya Theopista. Vikaanza kukonda. Ukurasa uliofuata shuka lilikuwa limefungwa kwenye migomba kwa kamba, na vidole havipo. Nililia bila kujificha.

Nikafungua ukurasa wa mwisho. Familia ya Ishengoma, na vyombo vyao vimeshafungwa tayari kuhama. Picha ya juzi juzi. Na juu ya shuka, vidole, cha mwisho kimepinda.

"Huyu ni nani, shemeji?"

Theopista ndiye aliyenishika mkono, akauvuta juu ya karatasi, akakilaza kidole changu kando ya kile cha pichani.

"Ni wewe," akasema. Akauangalia mkono, kisha akainua macho kunitazama. "Kwa hiyo na uso wake ulikuwa kama huu?"

Ndyamukama akageukia ukutani. Ndipo nikaelewa kwa nini hakuweza kunitazama. Nami nilikuwa nimemwita mwenye dharau.

"Kuna picha imebaki kwenye filamu?" nikamuuliza.

"Moja."

Tulikwenda Izigo sisi watatu. Shuka tulilifunga kwenye migomba karibu na kaburi. Theopista akang'ang'ania kushika pembe ya chini, na mimi nikakaa mbele ya shuka. Ndyamukama aliinua kamera, akaishusha, akaiinua tena. Kisha akaiondoa kabisa usoni, akanitazama kwa macho yake mwenyewe, muda mrefu, mpaka mtoto akalalamika kwamba mkono unamuuma.

Akapiga. Picha hiyo ndiyo tuliyohama nayo, na ukingo wake, wenye vidole vya Theopista, hakuukata.