Mistari ya Sahani ya Sita

"Chakula chenyewe kinakuja lini?"

Mume wake aliuliza kwa sauti ya chini, ameinamia sahani ya tatu kama mtu anayetafuta sindano. Sahani ilikuwa pana na nyeupe, na katikati yake palikuwa na kiini cha yai kilichopikwa polepole, kimezungukwa na matone matano ya mchuzi wa kijani.

"Ndicho hicho," Mama Povu akamjibu. "Na usipakepake pembeni. Hii ni ya yai."

"Ya yai ndiyo nini?"

"Yai likishakauka kwenye sahani huoshwa kwa maji ya baridi. Ukilitia ya moto linaiva upya, halitoki ng'o."

Mumewe alikuwa fundi viatu, macho yake yameanza kuchoka lakini mdomo bado mzima. Alimtazama mkewe, gauni lake la bluu na nywele alizosuka jana kwa ajili ya siku hii, akatikisa kichwa.

"Leo umekuja kula, mke wangu. Hukuja kuosha."

Kweli alikuja kula. Ilikuwa Jumatatu mchana, siku ambayo mgahawa ule hufunga milango, na nyumba ile ilikuwa na desturi yake moja. Mfanyakazi akitimiza miaka kumi na tano hupewa meza ya dirishani, yeye na mtu wake mmoja, akaandaliwa sahani zote tisa kama mteja aliyeweka nafasi miezi miwili kabla. Wapishi wote huja. Mhudumu mkubwa huja na tai yake ya kipepeo. Na Mkuu wa jiko, ambaye siku nyingine hagusi hata bomba, siku hiyo huvaa aproni ya plastiki akasimama kwenye sinki kuosha vyombo.

Kwa hiyo kila sahani ambayo Mama Povu angeimaliza au angeibakiza ingeishia mikononi mwa Mkuu. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi tangu Ijumaa.

Kwa miaka kumi na tano alizijua sahani zile kwa upande wa nyuma, yaani kwa mabaki. Alijua ya kwanza ni kikombe cha supu ya karoti kwa sababu ya utepe wa rangi ya chungwa unaobaki ukingoni. Alijua ya tano ni samaki kwa ngozi yake, ambayo wazee huiacha na vijana huila. Hakuwahi kuonja hata moja ikiwa imepangwa vizuri. Juu ya sinki lake palikuwa na ubao mweusi wenye namba moja hadi tisa, na kopo la chaki. Sahani ikirudi na nusu ya chakula au zaidi, yeye huchora mstari mmoja mbele ya namba yake. Mkuu huusoma ubao kila siku kabla ya kuondoka. Husema wateja wanadanganya kwa adabu, wanatabasamu na kusifu hata wakiwa na kichefuchefu, lakini ubao wa Mama Povu haujawahi kumdanganya. Mistari ikifika ishirini ndani ya mwezi, sahani inatolewa, na mpishi aliyeibuni anarudi kwenye meza ya kumenya vitunguu.

Bintiye aliingia jiko lile miaka minne iliyopita kwa mgongo wa mama yake, wakawa wanamwita Binti Povu. Alimenya vitunguu na karoti mpaka vidole vikabadilika rangi. Halafu mwezi uliopita Mkuu alionja kijiko kimoja cha bilinganya lake, lililochomwa kwenye makaa, likapondwa na siagi na kufukizwa moshi mara ya pili. Mkuu akafumba macho. "Iende," akasema. Ikawa sahani ya sita, na tangu siku hiyo wenzake wakaacha kumwita Binti Povu. Wakamwita Sita.

Siku ya kwanza zilirudi mbili zimejaa nusu. Mama Povu alishika chaki, akainua mkono, akaushusha. Alilikwangulia bilinganya lile chini kabisa ya ndoo ya mabaki na kulifunika kwa maganda ya ndimu, huku akitazama nyuma kama mwizi. Siku ya pili zilirudi tatu. Siku moja zilirudi nne. Wiki tatu zilipita hivyo, na mbele ya namba sita ubao ukabaki mweusi tii. Mkuu akampongeza Sita mbele ya jiko zima. Mama Povu akaangalia povu lake. Idadi alikuwa nayo kichwani, arobaini na moja, maana kuacha kuandika hakukumfanya aache kuhesabu.

Leo alikuwa amejiapia kwamba sahani ya sita ataimaliza yote, hata ikiwa ni mkaa mtupu. Mkuu aipokee safi, mambo yaishe.

Sahani ya nne ilikuwa mkate mdogo wa moto na siagi iliyopigwa na chumvi. Mumewe aliupenda, akaomba mwingine, na mhudumu akaleta bila kukunja uso. Kwenye ya tano, alipomaliza samaki wake, aliegemea kiti na kuwachunguza wahudumu miguuni.

"Yule mwenye tai," akanong'ona, "soli ya kushoto inamwachia. Akimwaga mchuzi leo, ujue ni ile soli."

"Nyamaza basi."

"Nasema tu. Aje Jumatano nimgongee."

Kisha ikaja. Mhudumu aliweka mabakuli mawili ya udongo na kurudi nyuma hatua moja. "Sahani ya sita," akasema kwa sauti aliyotumia kwa wateja, halafu akashindwa kujizuia, akatabasamu. "Hii mnaijua ni ya nani."

Nyuma ya kioo cha dirisha la jikoni ilionekana kofia nyeupe. Haikusogea.

Mama Povu alichota kijiko cha kwanza na kukipeleka mdomoni, na kilimshtua kwa utamu. Moshi ulitangulia, siagi ikafuata, mwishoni kikaja kitu chepesi kama ndimu ambacho hakukitarajia kabisa. Machozi yakamlenga. Huyu ni mwanangu, alijisemea, mtoto aliyekuwa akiunguza uji, na furaha ikamjaa mpaka akasahau kutafuna. Kijiko cha pili nacho kilikuwa kitamu. Cha tatu kilikuwa na moshi. Cha nne kilikuwa moshi mtupu, na siagi ilikuwa imeanza kuganda kwenye kaakaa. Cha tano alikimeza kwa shida, na ulimi wake ukawa kama wa mtu aliyeshinda akipuliza moto wa kuni mbichi.

Akatazama bakuli. Vilibaki vijiko vitano.

Hapo ndipo alipoelewa jambo ambalo mabaki ya wiki tatu hayakumwambia. Jikoni watu huonja. Mpishi huchota kijiko kimoja, husukutua kwa maji, hutikisa kichwa, huendelea na kazi. Mkuu alionja kimoja. Sita mwenyewe alionja kimoja kimoja, mara mia. Katika jiko lile lote hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kukaa chini akala bilinganya lile kutoka kijiko cha kwanza hadi cha kumi. Wateja tu ndio walioketi kulila, na majibu yao yeye aliyafunika kwa maganda ya ndimu.

"Mbona umeacha kula?" mumewe akanong'ona. Yeye alikuwa ameshafika mwisho, kwa msaada wa glasi tatu za maji, na jasho lilikuwa limemtoka puani. "Maliza. Mtoto anatuangalia."

"Wewe umeipenda?"

"Nimeimaliza."

"Sikukuuliza hivyo."

Fundi viatu alifuta mdomo kwa kitambaa, taratibu, pembe kwa pembe. "Ni ya mtoto wangu," akasema. "Angenipikia hata kandambili ningeimaliza."

Mama Povu alichota kijiko cha sita. Alikitazama. Angeweza, vitano si vingi, ameshameza mambo magumu kuliko hayo. Kisha akamwona mtoto wake kesho, na keshokutwa, akifukiza mabilinganya huku anaimba, na mabakuli yakimrudia mama yake mmoja mmoja yamejaa nusu. Alikirudisha kijiko ndani ya bakuli. Mhudumu alipokaribia, yeye alikuwa ameshasimama.

"Hii naipeleka mwenyewe."

"Mama Povu, leo wewe ni mgeni, kaa utulie..."

"Nimesema naipeleka."

Mkuu alikuwa kwenye sinki, mtu mnene aliyelowa mpaka kwapani, anasugua sahani ya tatu huku mvuke ukimpanda usoni. Mama Povu hakuweza kujizuia. "Hilo yai, Mkuu. Maji ya baridi."

"Ndiyo maana halitoki!" Mkuu akacheka, akageuka, na kuliona bakuli mkononi mwake. Kicheko kilipungua kidogo. "Umebakiza?"

"Nimebakiza."

"Basi sheria ni sheria." Alifuta mkono kwenye aproni ya plastiki, usikauke, akachukua chaki kwa mzaha. "Nikuchoree wewe mwenyewe mstari?"

"Nipe."

Mama Povu aliichukua chaki, akachora mstari mmoja mbele ya namba sita. Halafu akachora wa pili. Alichora minne na kuikata kwa wa tano, akaanza fungu jingine. Mkuu alikuwa bado anatabasamu. Kwenye fungu la tatu tabasamu likamtoka. Chaki ilikuwa ikilia ubaoni, na wapishi wawili waliokuwa karibu na jiko la gesi wakaacha kukoroga. Mistari ilipojaa nafasi ya namba sita, aliendelea chini, kwenye nafasi ya saba, mpaka ikatimia arobaini na miwili.

"Huu wa kwanza ni wangu," akasema. "Hii mingine ni ya wateja. Wiki tatu. Niliificha mimi. Mtoto hajui lolote."

Maji yalikuwa bado yanatiririka. Mkuu aliyafunga.

"Miaka kumi na tano nausoma ubao huu," akasema, "sijawahi kukuuliza swali."

"Ni wiki tatu tu, Mkuu. Na ni namba sita peke yake. Mengine yote ni kweli tupu."

"Huenda." Aliutazama ubao muda mrefu. "Lakini sasa nitajuaje, Mama Povu?"

Hakumfokea. Angefoka ingekuwa nafuu. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza chumvi iliko, na neno lile lilimwingia Mama Povu hadi kwenye mifupa. Mkuu akavua aproni ya plastiki, akaitundika kwenye msumari.

"Kesho asubuhi tutaongea. Wewe, mimi na yeye." Alifika mlangoni, akasita. "Ngoja nikakae na mzee kidogo, asije akadhani umemkimbia."

Alipotoka, ndipo Mama Povu alipomwona bintiye. Alikuwa amesimama kando ya rafu za masufuria, kofia yake mkononi, macho kwenye ubao. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Arobaini na miwili," akasema.

"Mmoja ni wangu."

"Na wewe pia, mama?"

"Na mimi pia."

Binti alikunja kofia, akaikunjua. "Ungeniambia. Si lazima Mkuu, mimi. Siku ya pili tu ungenivuta pembeni ukaniambia."

"Niliogopa watakurudisha kwenye vitunguu. Niliogopa watakuita tena kwa jina langu."

"Sasa hilo jina lina ubaya gani?" Sauti ilimpasuka. "Wiki tatu, mama! Wiki tatu nazunguka humu najiona mpishi, na wewe umeinama hapo unanifukia kwenye ndoo!"

Mikono ya Mama Povu ilitafuta kitu cha kushika, ikakuta ukingo wa sinki. Wapishi wawili walijitia kutafuta kitu stoo, wakapotelea huko.

Binti akauliza, taratibu zaidi, "Ni mbaya?"

"Si mbaya. Kijiko cha kwanza kilinitoa machozi, wallahi."

"Basi ni nini?"

Mama Povu alisogeza kreti tupu kwa mguu, lile alilokuwa akikalia mwenyewe wakati wa mapumziko. Akaliweka bakuli juu ya ukingo wa meza, akatoa kijiko safi kwenye kikapu, akakifuta kwa upindo wa gauni lake la bluu kwa kuwa hakuwa na aproni.

"Kaa. Kula."

"Mama, nimelionja hili mara mia."

"Umeonja," Mama Povu akasema. "Kula."

Binti alikaa. Mama yake akamgeuzia mgongo, akakunja mikono ya gauni, akafungulia maji ya baridi juu ya sahani za yai. Nyuma yake alisikia kijiko kikigusa udongo wa bakuli, mara ya kwanza, kisha ya pili, haraka haraka, kwa hasira. Ya tatu ikachelewa kidogo. Akafunga bomba ili asikie vizuri, akasubiri ya nne.