Rangi Bado Mbichi

Rangi ilikuwa bado mbichi. Aliigusa herufi ya mwisho kwa kidole gumba, kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa ili ajue homa imefika wapi, na kidole kikarudi chekundu. VYUMBA VIWILI VINAPANGISHWA, lilisema bango. ULIZA NDANI. Lilikuwa limepigiliwa misumari miwili kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, mlango alioufungua kwa ufunguo ule ule kwa miaka sita. Na humo ndani mwa kuulizia walikuwa wakiishi yeye, mumewe na watoto wao wawili.

Hakuhitaji kuuliza mwandiko ule ni wa nani. Mtaa mzima ulikuwa na mtu mmoja tu aliyeipa herufi P tumbo la mjamzito na kuuvuta mguu wa N mpaka ukajipinda kama mkia wa paka. Mkono huo ndio ulioandika bango la kinyozi, la duka la dawa na la karibu kila mlango wenye kitu cha kuuza. Ulikuwa mkono wa mumewe. Wala hakuandika kwa haraka au kwa aibu, kwani nyuma ya kila herufi alikuwa ameweka kivuli cha buluu, urembo ambao wateja huulipia zaidi.

"Umeliona?" Mama mwenye nyumba alikuwa ameegemea reli ya ngazi, mikono kifuani. "Mumeo ni fundi, Mama Uzi. Mimi nilimwambia aandike kwa chaki tu. Akasema kazi mbaya haitoki mkononi mwake, hata kama inamfukuza mwenyewe." Akacheka. Kisha akautazama vizuri uso aliokuwa akiuchekea, na kicheko kikamkatikia njiani. "Usiniambie hukujua."

"Najua, mama."

"Basi vizuri. Kuna bwana na bibi wanakuja kuangalia saa kumi. Wakichukua, nawarudishia amana yenu yote, kama nilivyomwahidi. Asipopatikana mtu kabla ya mwisho wa mwezi, amana inabaki kwangu. Msije mkaninunia."

Ndani kulinuka mafuta ya taa. Mumewe alikuwa amechuchumaa karibu na ndoo, akiosha brashi. Watoto walikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, na sauti ya Tonge, mtoto wao mdogo wa miaka mitatu, ilikuwa ikiendesha gari lisiloonekana. Kwa ajili ya pazia hilo wakagombana kwa kunong'ona, na mnong'ono una makali ambayo kelele haina.

"Ulipanga kuniambia lini, Baba Uzi? Nikiwa juu ya lori?"

"Leo. Kabla hujaliona. Nilidhani utapitia sokoni kwanza."

"Nipitie sokoni kufanya nini? Kusalimia nyanya?"

Mumewe alitaka kucheka, akajizuia. "Mjomba ametupatia nyumba kule kwao. Vyumba vitatu na ua. Kodi ya miezi mitatu hapa, huko unakaa mwaka."

"Huko kuna barabara moja. Kila mtu analijua duka la mwenzake. Bango lako atalinunua nani?"

"Nitapaka kuta. Nitapaka milango. Nitalima."

"Wewe? Ulipanda kitunguu kwenye kopo, kikakuomba ruhusa ya kufa." Akavuta pumzi. "Na mimi je? Miaka tisa nimekalia cherehani moja kiwandani. Huu ni mwezi wa tatu tangu nipewe kuzisimamia kumi na mbili. Kumi na mbili! Nizirudishe, niseme nini?"

"Najua."

"Basi nipe sababu moja ambayo si kodi."

Mumewe akafungua mdomo. Macho yake yakaenda kwenye pazia, yakarudi kwenye ndoo. "Si sasa," alisema. Kisha, baada ya kuikamua brashi, "Wale watu wakija, wewe ndiye utakayezungumza nao. Ukisema hapana, ni hapana. Sitakulazimisha. Bila ile amana hatuna hata lori."

Hivyo mpini ukawa mkononi mwake, na yeye hakujua kama alipewa kwa upendo au kwa woga.

Alikwenda kunawa. Rangi haikutoka. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha jiko, alipiga magoti kwenye kile kipande cha sakafu kati ya kitanda na kabati, akaomba neno moja: Mola, tupunguzie mzigo wa mji huu. Hakuwahi kuomba, tuondoe mjini. Alidhani Mungu anaijua tofauti.

Saa kumi kamili pakabishwa hodi. Bwana alikuwa mrefu, mwenye miwani, na kabla hajakaribishwa vizuri alikuwa amekwisha kuikagua dari. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba hivi. Alibeba boksi dogo lililofungwa kwa kamba, na alikuwa na tabasamu la mtu aliyepanda ngazi nyingi siku hiyo akiangalia vyumba vya watu.

"Karibuni," alisema Mama Uzi. "Mmeona bango?"

"Tumeliona tokea barabarani, dada. Limetuvuta."

Mumewe, aliyesimama dirishani, aliinamisha kichwa.

Mama Uzi akaanza kuwatembeza. Chumba cha kwanza kilikuwa hatua tano kwa nne, na aliwaambia hivyo, asije mtu akadhani macho yake yanamdanganya. Aliwaambia kwamba maji hutoka alfajiri tu, wala si kila alfajiri. Aliweka kiganja ukutani akasema, "Ukuta huu hulia mvua ikinyesha. Unalia kuanzia hapa mpaka pale." Aliwaonyesha baka darini ambapo jirani wa juu humwaga maji yake ya kufulia. Aliwaambia kwamba mwaka jana kodi ilipanda mara mbili, na kwamba mara ya pili hawakupewa hata barua, walipewa salamu tu ngazini.

Yote yalikuwa kweli tupu. Hakuwahi kufikiri kwamba kweli inaweza kushikwa kama fimbo. Kila alipopiga, aliona bega la yule bibi likishuka kidogo, na bwana akiivua miwani, akiifuta na kuivaa tena. Moyoni alikuwa akiomba bila kupumzika: Mola, watoe watu hawa nyumbani mwangu. Watoe kwa amani, lakini watoe. Alimngoja mumewe amkatize. Mumewe alikuwa akiipangusa brashi ambayo ilikwisha kutakata zamani.

"Na watoto hulala wapi?" aliuliza yule bibi.

"Humu." Akavuta pazia.

Tonge alitokeza kichwa kwanza, halafu dada yake wa miaka sita. Tangu siku aliyozaliwa, mwembamba na mrefu, walimwita Uzi, na jina likamkaa kuliko lile aliloandikwa hospitalini. Yule bibi alipowaona alifurahi, kama mtu aliyepata hatimaye kitu kizuri cha kusema katika nyumba ile. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaifungua kamba ya boksi. Zilikuwa keki ndogo ndogo, nne.

"Njooni, wanangu. Nilijinunulia mimi na huyu wa tumboni, lakini leo kanikataza."

Tonge alichukua mbili, moja kwa kila mkono. Uzi akasogea hatua moja, akasimama.

"Asante, mama. Nimekula huko huko," alisema. Akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, kutoka kushoto kwenda kulia, mara moja tu, kisha akatabasamu.

"Huko wapi, mrembo?"

"Shuleni."

"Leo Jumamosi!" alisema yule bwana, akacheka.

Uzi akautazama mkono wake. "Jana," alisema. "Nilikula jana."

Mama Uzi alikuwa bado ameshika pazia. Maneno yale aliyajua. Mkono ule aliujua, kutoka kushoto kwenda kulia, mara moja. Ulikuwa mkono wake. Kila jioni alisimama mlangoni, akauona ukubwa wa sufuria, akasema, "Kuleni nyinyi, mimi nimekula huko huko kazini," akajifuta mdomo, akatabasamu. Kazini hakula. Saa ya chakula alikunywa maji, akaipitia mishono ya wenzake huku wakila, na wakubwa wakamwona mtu wa bidii, wakampa cherehani kumi na mbili.

Ndipo akaikumbuka sare ya Uzi. Mwanzoni mwa muhula aliikaza kiunoni kidogo. Wiki mbili zilizopita akaikaza tena, vidole viwili kila upande, akaipiga pasi na kujisifu kwamba sasa imemkaa sawasawa. Fundi mzima, mwenye kipimo shingoni, alikuwa ameupima mwili wa mwanawe mara mbili na kulilaumu vazi. Na jina nalo lilisaidia kuficha. Mtoto anayeitwa Uzi akiwa mwembamba, nani atashtuka?

"Ana adabu huyu," alisema yule bibi, akiwa amekwisha kuona kwamba kuna jambo, ila hajui ni jambo gani. Akalifunika boksi taratibu, akaliacha kitandani. Tonge peke yake alikuwa akitafuna.

Mama Uzi aliliachia pazia.

"Jua la asubuhi huingia kwa dirisha hili," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na mumewe akageuka. "Kitanda cha mtoto kiweke hapa, si pale. Hapa ukuta haulii. Na mama wa chumba cha mkabala ana mikono mizuri. Mtoto akikukesha, mpelekee. Atakugombeza, lakini atampokea."

"Dada, mbona sasa unaisifu?"

"Yote mawili ni kweli."

Yule bwana alikunja uso. "Samahani, lakini lazima niulize. Kwa nini mnahama?"

Alimtazama mumewe. Uso wa mumewe ulikuwa umepauka kama ubao kabla haujapakwa rangi.

"Mimi mwenyewe," alisema Mama Uzi, "nimejua sasa hivi."

Wageni waliteremka kwenda kuzungumza na mama mwenye nyumba. Hatua zao zilipokwisha ngazini, aliwarudisha watoto nyuma ya pazia na boksi lao, akamfuata mumewe dirishani.

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu. Mwalimu wake aliniita. Ambao hawajalipiwa chakula hawapewi sahani. Wenzake wakienda kula, yeye hubaki darasani akichora."

"Ukakaa nalo moyoni wiki tatu."

"Ningekuambia ungefanyaje? Ungemwachia na hicho kidogo unachokibakiza. Unadhani sioni? Sketi yako hiyo umeikaza mara ngapi?"

Alishika kiuno chake, pale mshono mpya ulipopita.

"Na wewe?" aliuliza.

"Mimi hula kwa wateja," alisema mumewe, na mkono wake ukapanda kuelekea mdomoni. Ulipofika kidevuni ukasita. Wote wawili wakautazama ukiwa pale hewani, kama mkono wa mgeni, mpaka akaushusha.

Kutoka uani zilisikika sauti za watu watatu, ya mama mwenye nyumba ikiwa juu ya zote.

"Nina hasira nawe," alisema Mama Uzi.

"Najua."

"Hujui. Hasira hii nitaipakia kwenye lori pamoja na vyombo, na wewe utaikalia njia nzima." Akajifuta macho kwa mkono wenye rangi, na wekundu ukabaki shavuni. "Na kiwandani Jumatatu nitawaambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Usije ukanichorea bango."

Mumewe alicheka mara moja, kicheko kifupi kilichofanana na kikohozi, kisha akakaa kitandani akaufunika uso wake. Mkewe hakumbembeleza. Alikwenda jikoni, hatua tatu, akafunua sufuria. Viazi na kabichi. Jua lilikuwa bado halijatua, na kwa kawaida wasingekula mpaka giza liingie, ili usingizi ufuate karibu na kumaliza kazi ambayo chakula kingeiacha. Rafuni akachukua sahani tatu, kama ilivyokuwa desturi yake. Akasimama. Akachukua ya nne, akaipuliza vumbi.

Sala yake ya chakula ilikuwa ndefu siku zote, kiasi kwamba Tonge alijifunza kusema amina mapema ili kuiharakisha. Siku hiyo alifumba macho, na kati ya maneno yote aliyoyazoea halikuja hata moja. Tupunguzie. Kumbe mji ulikuwa umewapunguza wao, mshono kwa mshono, naye ndiye aliyeshika sindano. Akasema amina tu. Watoto wakafungua macho kwa mshangao.

Alipakua sawasawa, sahani nne. Uzi alikitazama kile kijiko kilivyokuwa kikienda na kurudi, akaanza kuinua mkono wake mdogo kuupeleka mdomoni.

"Mimi nina njaa," alisema mama yake.

Mkono ukasimama. "Hukula kazini?"

"Sikula. Siku nyingi sijala kazini."

Mtoto alimtazama mama yake, akamtazama baba yake, akakitazama kile kidole chekundu kilichoshika ukingo wa sahani. Alikuwa kama mtu anayejaribu ubao wa daraja kwa ncha ya mguu.

"Hata mimi," alisema polepole.

"Na mimi!" alisema Tonge, mashavu yamejaa keki.

Hapo hapo mlango ukagongwa, na bango likacheza kwenye misumari yake. "Mama Uzi!" Sauti ya mama mwenye nyumba iliingia kabla yake. "Mama Uzi, wamekubali! Wako hapa chini, wanataka mtaje siku! Mwahama lini?"

Baba Uzi aliweka kijiko chini, akataka kuinuka. Mkewe akamshika mkono, akamkalisha.

"Subiri kidogo, mama," aliita, bila kuondoa macho kwenye sahani ya binti yake. "Tunakula."