Mpangaji wa Chumba cha Mwisho

Hakuna mpangaji aliyemsema mwenye nyumba kwa ukali kumshinda Ojangole, na mwenye nyumba alikuwa yeye mwenyewe.

Mwaka ule kiwanda cha saruji kilikuwa kinajengwa Tororo, na watu walimiminika kutoka Nagongera, Mukuju na Busia kutafuta kibarua. Kazi ilipatikana, pa kulala hapakupatikana. Wanaume walijibana watatu watatu kwenye chumba cha mtu mmoja na bado wakashukuru. Ojangole, mfyatua matofali, aliyaona hayo akakosa usingizi. Ng'ombe huzaa anapotaka; chumba huzaa kila mwisho wa mwezi, tena hakiombi majani wala hakishikwi na homa ya ndigana.

Ng'ombe walikuwapo wanne, walioachwa na marehemu baba yake. Hawakukaa nyumbani. Walikuwa Busia kwa Mangeni, rafiki wa baba, aliyewachunga na kunywa maziwa yao, kama ilivyo desturi. Ojangole alikwisha kuozwa mke kwa mifugo ya baba. Hawa wanne walikuwa zamu ya Okurut, mdogo wake, aliyekuwa mbali akikata miwa upande wa Jinja.

Akapiga hesabu. Awauze, anunue nyumba ya vyumba vinne karibu na reli. Kodi ya miaka miwili inunue ng'ombe wengine wanne, Okurut aoe, na vyumba vibaki. Aliitafuta hasara huku na huku, hasara haikujitokeza. Akauza, akanunua.

Hasara ilikuwa imejificha tu. Wiki ile ile akasikia kuwa ujenzi ukiisha vibarua watafukuzwa. Mwingine akamwambia wakubwa wa mji hawazitaki nyumba za udongo, siku yoyote zitabomolewa. Zaidi ya yote, ng'ombe aliye kwa rafiki hakuna anayemjua, lakini nyumba inasimama barabarani, kila jicho linaiona na kuuliza pesa zilitoka wapi. Basi akakubaliana na Specioza, mpika pombe wa chumba cha kwanza: yeye akae bure, akusanye kodi kwa niaba ya bwana mmoja wa Mbale ambaye hakuwapo duniani. Ojangole akahamia chumba cha mwisho kama mpangaji, akawa anamtukana bwana wa Mbale pamoja na wenzake.

Ndipo Okurut akarudi. Alikuwa amempata msichana wa Mukuju, Elinah, na wazee wake walikuwa wanangoja.

"Kaka, nimekuja kuchukua ng'ombe."

"Walikufa. Ndigana."

"Wote?"

"Wote."

"Na ngozi?" Maana mchungaji akifiwa na ng'ombe wa mwenzake huleta ngozi, mwenyewe aione.

"Mangeni alizizika. Amri ya daktari wa mifugo."

Okurut akasema, "Basi nitajitafutia mwenyewe." Akaingia kubeba zege kiwandani. Na katika Tororo nzima, chumba alichopata kilikuwa cha tatu, ukuta kwa ukuta na kaka yake.

Masika yalipoanza, mabati yakavuja. Ojangole angeweza kuyatengeneza, lakini mpangaji anunue misumari ya nyumba ya mtu kwa nini? Akatulia, akilikodolea macho kila wingu lililotanda juu ya mwamba wa Tororo. Okurut yeye hakutulia.

"Mwezi huu hakuna kulipa!" alisema mbele ya mtungi wa Specioza. "Na Jumatatu tunahama sote. Bwana wa Mbale alale na vyura wake!"

"Sawasawa!" wakaitikia wenzake.

"Wewe kaka mbona kimya? Leo ulimi umekwenda wapi?"

"Nasema tungoje kidogo," Ojangole alisema. "Pengine ana shida zake."

"Shida! Toka lini umekuwa wakili wake?"

Wakacheka, naye akacheka, huku akipiga hesabu. Vyumba vinne vitupu. Hakuna kodi, hakuna ng'ombe, hakuna mahari.

Jumapili alasiri mvua ikaja na upepo. Mtaro wa nyuma ukaziba, maji yakaanza kuula ukuta wa chumba cha tatu. Wapangaji walikuwa wameshatoa mikeka yao, wamejibanza kwenye kibanda cha pombe, wanatazama kama watu walio ngomani.

"Acha ianguke!" mmoja alipiga kelele. "Ni ya bwana wa Mbale!"

Upepo ukainua bati la pembeni. Ojangole hakujua miguu yake ilimfikishaje. Alijiona yuko juu, amelilalia bati kifudifudi, kingo zimemkata viganja. Bati liliposhikika akaruka chini, akauparamia mtaro kwa mikono mitupu, akikomba tope na kulia kama mtu anayemfukua mwanawe.

Kicheko kibandani kikakatika. Specioza akajifunika uso kwa leso.

Okurut alitoka kibandani na jembe, akaingia kwenye mvua. Akachimba mpaka maji yakapata njia, na ukuta ukasimama. Kisha akaliegemea jembe.

"Kaka. Mangeni hakuzika ngozi yoyote."

Ojangole alitazama viganja vyake. "Hapana."

"Chumba changu ni ng'ombe yupi?"

"Yule mwekundu," Ojangole alisema. "Mwenye pembe iliyovunjika. Okurut, nilitaka kukurudishia. Miaka miwili tu..."

"Elinah naye nimwambie abaki msichana miaka miwili?"

Okurut akageuka, akapaza sauti kuelekea kibandani.

"Mama Specioza! Kuanzia leo kodi nakusanya mimi. Kwanza tunatengeneza mabati, halafu watu walipe." Akalitupa jembe mbele ya miguu ya kaka yake. "Na wewe wa chumba cha mwisho, unalipa lini?"