Kipa Aliyekataa Taa ya Vifaranga

Jana mchana shiba ya wali na maharage ya nazi iliniangusha kwenye kochi, nikaota kabati langu la vioo linatotoa.

Msinicheke kwanza. Kabati ni lile la marehemu mama, la vyombo vya wageni. Sahani nilizihamishia uvunguni, nikapanga kadi zangu za wachezaji, zile tulizokuwa tukizipata kwenye pakiti za bablishi mimi na dada Mwanahawa, tungali wadogo Muheza. Inayopendwa kuliko zote ni ya kipa Lipate Chande: jezi ya kijani, mikono kifuani, mdomo umefungwa. Dada aliipata kwa kutoa viatu vyake vipya vya Idi, na bakora alikula yeye. Utoto mzima yeye alishikilia kwamba kipa ana meno, mimi nikashikilia kwamba hana. Akaolewa Mtwara, kadi akaniachia. Na jana ndiyo alikuwa anakuja kuiona, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja.

Nikataka aikute inang'aa. Dukani walinipa taa ya utepe, nyembamba, ya kubandika, nikaiona imepooza kama uji wa jana. Nikaiweka kando, nikachukua balbu ya banda la vifaranga. Nikaining'iniza ndani, vidole viwili tu juu ya kichwa cha kipa, waya nikaupitisha mlangoni, nikafunga, nikaiwasha. Nikalala.

Sasa ndotoni balbu imeatamia kadi.

"Kibwana, tembea polepole," inaniambia. "Bado siku ishirini na moja."

Kadi zinalia piyo, piyo. Beki mmoja amejikunja pembe zote nne, jasho linamchuruzika. Nafungua kioo, naingiza kichwa, na kumbe kabati ni uwanja wa mpira na mimi ndiye mwamuzi. Nimevaa kaptula ya shule, filimbi shingoni. Sikushangaa hata kidogo.

Kipa Lipate anakuja, jezi nyeupe pee.

"Shikamoo, mwamuzi."

"Marahaba. Kijani chako kiko wapi?"

"Kimeondoka. Kimesema hakiwezi kuishi na jua chumba kimoja."

Ananionyesha. Kijani kinakimbia wingi ya kulia, pembeni mwa uwanja, kina miguu myembamba, kinaelekea mstari wa mwisho.

"Si kitarudi?"

"Rangi ikivuka mstari hairudi. Na dada yako ameshashuka stendi."

Mungu wangu! Viatu vile vya Idi! Zile bakora! Nikapuliza filimbi mpaka mashavu yakauma. Haikutoa mlio, ikatoa vifaranga wawili, wakaenda zao.

Ndipo akaingia Bi Utepe, mwembamba, hana haraka. Akanishika mkono, mkono wake ulikuwa baridi kama mtungi.

"Uliniona mgonjwa, siyo?"

"Nisamehe, bibi."

"Taa haikai utosini mwa mtu. Hukaa pembeni, mbele, ikatazama kwa adabu. Na waya haupiti mlangoni, una tundu lake nyuma."

"Mwambie, bibi, mwambie," ukasema waya, umebanwa na mlango. "Mbavu zangu zimekwisha."

"Na wachezaji hupewa mapumziko. Huwezi kuwawashia kutwa kucha."

Aliposema mapumziko, kadi zote zikaketi chini zikaanza kula machungwa.

"Sasa fanya kazi yako," akaniambia.

Nikatia mkono mfukoni, nikaitolea balbu kadi nyekundu.

"Mimi?" balbu ikauliza. "Na mayai haya atayalalia nani?"

"Hakuna mayai hapa. Rudi bandani."

Ikatoka inalia, mashabiki wanaizomea. Uwanja ukapoa. Kijani kikasimama, hatua moja kabla ya mstari. Kikageuka, kikarudi kimeinamisha kichwa, na kipa akakivaa kama mtu anavyovaa shati lililopigwa pasi. Kisha akacheka! Katikati ya meno ya mbele ana mwanya mzuri ajabu. Nilifurahi nikaruka juu, nikaanguka kutoka kwenye kochi.

"Hodi! We Kibwana! Nimebisha mpaka vidole vinauma!"

Dada! Nikakimbilia kabatini. Kadi ilikuwa ya moto kama chapati, lakini kijani kipo, alhamdulillahi. Nikang'oa balbu, nikabandika utepe kwenye pembe ya mbele, waya nikaupitisha tundu la nyuma.

"Subiri, dada, nafunga taa!"

"Funga taa, nifungulie na mimi mlango!"

Akaingia na mabegi yake. Hakuketi, hata maji hakuomba. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo, machozi yakamlengalenga. Mimi nilikuwa bado nahema, na ndoto sikuwa nimemsimulia mtu.

Ghafla akapiga kofi, akaangua kicheko.

"Miaka yote ile unanibishia! Haya, njoo uone: meno anayo, tena ana na mwanya."