Bakuli Katika Sanduku la Mwenzake

Kwa miaka kumi na tisa Shiomi Kazue alikuwa mtunzaji wa jumba la sanaa la chuo kikuu pale Kanazawa, Japani, na kila bakuli la chai lililokuwa stoo alilijua kama mama amjuavyo mwanawe kwa kikohozi. Mara tatu alimwomba mkurugenzi, Profesa Todoroki, amruhusu kuwafundisha wanafunzi kwa vitu vile vile alivyovitunza. Mara tatu aliambiwa avute subira. Halafu akaja Minase Orie, mwalimu wa miaka thelathini na mmoja, mwenye kicheko chepesi, na darasa akapewa yeye kabla hajajua hata choo kiko wapi.

Wivu ulimla Kazue, tusifichane. Wanafunzi walimpita mlangoni kwa salamu ya nusu mdomo, kisha wakamzunguka Minase kama siafu waliopata sukari. Na nani aliyewatolea masanduku? Nani aliyewavua pete, akawaonyesha kuinamia meza ili bakuli likiponyoka lisianguke mbali? Kupanda apande yeye, kuvuna avune mgeni.

Juma ambalo Todoroki alisema atakuja kuliangalia darasa, Kazue alitenda jambo. Stoo kulikuwa na mabakuli mawili meusi: moja la fundi mkubwa wa miaka mia tatu iliyopita, jingine nakala yake, kazi ya mfinyanzi wa juzi juzi. Kila moja lilikuwa na sanduku lake la mbao, jina limeandikwa kifunikoni kwa wino, na kwa watu wa kazi ile sanduku ndilo cheti cha kuzaliwa cha bakuli. Akayabadilisha. Nakala akaiviringa katika kitambaa cha fundi, akaitia kwenye sanduku la fundi, akafunga ugwe kwa fundo lake safi la siku zote. Kisha akangoja Minase aimwagie nakala sifa mbele ya mkurugenzi.

Siku ilipofika, Todoroki na Kazue wakiwa wamesimama nyuma ya darasa, Minase hakusifu kitu. Aliwapa wanafunzi lile bakuli na kuwaacha walitazame kimya kimya, likapita mkono kwa mkono. Lilipomfikia Igarashi, msichana ambaye tangu muhula uanze hakuwa amesema neno, yeye akakichukua kitambaa pia. Kilikuwa na alama ya duara iliyokolea kwa miaka mingi ya kukaliwa na bakuli. Akaweka kitako cha bakuli juu ya duara. Kikapwaya. Akajaribu tena.

"Samahani, Mwalimu," akasema, "hili si la humu. Sanduku linasema ndilo, lakini kitambaa kinakataa."

Todoroki akakunja uso, akamgeukia mtunzaji. Minase naye akamtazama, mara moja tu, na Kazue akajua kwamba ameshajulikana.

"Hongereni," Minase akawaambia wanafunzi. "Bi Shiomi aliwategea makusudi. Alitaka muyaamini macho yenu kabla ya maandishi. Haya, mshukuruni."

Wanafunzi wakasimama, wakamwinamia Kazue hadi kiunoni, wakampigia makofi. Todoroki, uso umekunjuka, akasema kumbe miaka yote hii walikuwa wamemfungia mwalimu stoo. Muhula ujao darasa liwe la Bi Shiomi.

Ndicho alichokililia miaka yote. Akamtazama Minase akitafuta kejeli, japo chembe, asiione. Yule binti alikuwa amemfurahia kwa dhati. Hapo ndipo wivu ulipomuuma kwelikweli: kijana, msomi, kipenzi cha watu, na sasa hata kwa wema amemzidi.

"Sikuwategea," Kazue akasema. "Niliyabadilisha ili Mwalimu Minase aaibike mbele yako, Profesa."

Makofi yakakatika. Minase akafungua mdomo, bila shaka amtetee tena, na Kazue akamwinulia mkono anyamaze. Darasa angelikosa, na kazi huenda pia. Lakini ndani ya chumba kile kosa ndilo lililokuwa lake peke yake, na hata hilo hakuwa tayari kumwachia Minase.