Santuri ya Bujiku na Ugoro wa Bibi Zipora

Mwaka wa hamsini na moja mvua ya mawe ilipiga Kishapu kwa mawe makubwa kama mayai ya kanga. Wapo wanaosema ya mbuni, lakini tusitie chumvi. Pamba yote ya katekista Selestine ililala chini. Wiki iliyofuata fisi akamla punda wake, akabakiza kengele. Kisha ukaja upepo, ukang'oa paa la nyasi la kigango, ukalibeba zima zima hadi ng'ambo ya korongo na kulitua juu ya zizi la mbuzi, likakaa sawasawa kana kwamba fundi alipima. Mwenye mbuzi alikataa kulirudisha. Alidai kwamba tangu siku ile mbuzi wake wameacha kupigana.

Katika yote hayo Selestine hakunung'unika. Kila Jumapili alisimama ndani ya kuta zisizo na paa, jua likimchoma utosi, akatabasamu.

"Habari za nyumbani, mwalimu?"

"Nzuri sana! Nzuri mno!"

Watu waliokuwa na majonzi yao wakaona haya kuyaleta mbele ya mtu mwenye meno ya furaha kiasi kile. Wakapungua. Na Selestine, aliyekuwa akilia peke yake nyuma ya ghala la mtama, akaandika barua ya kuacha kazi. Padri alikuwa aje Jumapili moja ya Julai na pikipiki yake. Selestine angempa barua ile pamoja na ufunguo wa kigango, aende zake Geita kuchimba dhahabu.

Jumapili yenyewe ikaangukia siku ya ngoma. Pamba ya waliosalimika ilikuwa imekwisha kuvunwa, na Bagalu na Bagika, makundi mawili ya ngoma yasiyopatana, walikuwa uwanjani, hatua mia kutoka kigangoni. Kila kundi lilipiga ngoma zake upande wake kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule atakayevuta watu wengi. Bagika walikuwa wameleta chatu.

Kigangoni kulikuwa na watu watatu: Selestine, mkewe Generosa, na bibi Zipora, ambaye miguu ilimzuia kwenda kumwona chatu.

"Mwalimu," akasema Zipora, "nipe hiyo karatasi inayochungulia mfukoni. Ugoro wangu unamwagika."

"Hii hapana, bibi. Hii ni ya padri."

Hapo akaingia Bujiku na baiskeli, na nyuma amefunga sanduku jeusi. Bujiku alikuwa askari Burma wakati wa vita, na sasa alichimba Geita.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Hilo ni gramafoni au jeneza la paka?"

"Gramafoni, mayu. Mwalimu, nimekuja kukuchukua. Geita dhahabu imezidi mpaka kuku wanaidonoa. Juzi nimechinja jogoo, firigisi lake limevunja kisu!"

"Namsubiri padri tu," Selestine akasema kwa sauti ndogo.

Generosa akamtazama mumewe. "Baba Thobias, ukienda Geita, nani atabaki hapa kuwadanganya watu kwamba hujambo?"

Bujiku, aliyeona hewa imechafuka, akafungua sanduku haraka, akazungusha mpini.

"Sikilizeni santuri hii wakati tunasubiri. Nilipewa na askari mweusi wa Amerika, tulipokuwa tunatengeneza barabara kule msituni. Nami nikampa fimbo yangu ya mpingo. Muziki huu wao huuita bluzi. Ni huzuni iliyovaa viatu vya kuchezea."

Sindano ikakwaruza. Likatoka gitaa moja tu, na nyuma yake sauti ya mwanamume, nzito, iliyojaa vumbi. Bujiku akafasiri: "Anasema mvua imepita juu ya shamba lake, ikaenda kunyesha kwa jirani."

Mwimbaji akanyamaza kidogo, gitaa likalia peke yake.

"Mungu anakuona, gete!" akaimba Zipora katika nafasi ile; na gete kwa Kisukuma ni kweli kabisa.

Bujiku akacheka. "Mayu, hiyo ni santuri. Mwenyewe yuko Amerika."

"Najua ni santuri, mimi si mjinga. Kwa Dilip dukani ipo kubwa kuliko hiyo. Lakini wewe umelima wapi, usiyejua kuitikia? Mtu akitoa wimbo hauachwi uanguke chini!"

Kweli, hakuna Msukuma aliyewahi kushika jembe katika kundi akamwacha kiongozi wa wimbo bila kumwitikia. Ni kama kumnyima maji. Basi mwimbaji akalalamika tena: treni imemwacha. Zipora na Generosa wakaitikia, "Mungu anakuona, gete!" Akasema kitanda chake kimekuwa kipana. Wakaitikia. Kiitikio kikavuka ukuta, kikafika uwanjani.

Mgalu mmoja akageuza shingo. "Nani anaimba bila ngoma?" Akaja kuchungulia, na mdomo wake ukaitikia kabla hajaukataza. Wakaja wawili, wakaja kumi, njuga miguuni. Bagika kuona watu wanapungua wakadhani Bagalu wameleta mbinu mpya, wakaja na wao, na chatu wao shingoni. Kuta zile zikajaa mpaka zikapumua.

Kisha ndani ya sanduku kukasikika *ta!* Springi imekatika. Sauti ikaburuzika, ikazama, ikafa katikati ya neno.

Watu mia mbili, vifua vimejaa pumzi, hawana cha kuitikia.

"Mwalimu!" Zipora akafoka. "Wimbo unaanguka huo. Udake!"

Selestine akatabasamu tabasamu lake la kila siku, akafungua mdomo aseme kwamba mambo ni mazuri. Yakatoka mengine. Yakatoka kwa ile sauti nzito yenye vumbi:

"Fisi amemla punda wangu, ameniachia kengele…"

"Mungu anakuona, gete!" Ukuta ukatikisika.

"Paa la kanisa linafunika mbuzi…"

"Mungu anakuona, gete!"

"Nimelia nyuma ya ghala, nikawaambia sijambo…"

Hapo waliitikia huku wengine wakifuta macho, na wengine wakicheka kwa yale ya mbuzi. Selestine naye akacheka, akilia. Miezi yote aliwaambia kwamba Mungu yupo. Leo wao walikuwa wanamwambia yeye. Alipochoka, mwanamke mmoja akaudaka wimbo na kumtaja mtoto aliyemzika Machi. Akaitikiwa. Wapiga ngoma wakashindwa kujizuia. Chatu, wanaapa waliokuwepo, aliyumba kwa kufuata mapigo, na hakukosea hata mara moja.

Padri alifika amejaa vumbi mpaka kope, akazima pikipiki. Alikuta Bagalu na Bagika ndani ya kuta moja, jambo ambalo hata serikali haikuwahi kuliweza. Mwenye mbuzi alikuwa amesimama mlangoni akitangaza kwamba paa litarudi kesho, na mbuzi watatafuta adabu kwingine.

"Selestine," padri akasema, "uliniletea ujumbe kwamba una kitu cha kunipa."

Selestine akatoa barua mfukoni. Akaitazama. Kisha akapiga magoti mbele ya Zipora.

"Bibi, lete huo ugoro."

Zipora akaufungasha vizuri katika karatasi ya padri, akavuta kidogo kuujaribu, akapiga chafya iliyowaangusha njiwa wawili.

"Haya, Padri," akasema, "anza misa. Watu wamekwisha kusema shida zao."